Jinsi ya kupanga biashara yako ndogo ya ukocha: wateja, ratiba, hela na kumbukumbu, kwa simu na kaunta buku tu

Watu wengi wanaofundisha wenyewe, awe kocha wa mazoezi, wa lishe, wa biashara, wa lugha, wa kuandaa watu kwa usaili, kazi yao wanaijua vizuri sana na wateja wanawapenda, ila ukimuuliza swali moja tu, nani kakulipa na bado hujamfundisha na nani umeshamfundisha hajakulipa, anashika simu anaanza kuskroo WhatsApp kwenda juu, dakika kumi, robo saa, alafu anakupa jibu la "kama sikosei". Biashara ya namna hiyo inachosha hata kama hela ipo, manake kichwa chako ndo kimekuwa daftari, na kichwa kinasahau.

Mimi nafundisha watu wazima Kiingereza cha kazini na kujiandaa na usaili hapa Dar, wengine tunaonana ana kwa ana wengine kwa simu, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko, wewe badilisha iendane na unachofundisha. Na niseme mapema kabisa msimamo wangu: huhitaji kununua programu ya kulipia kila mwezi. Kocha mwenye wateja watano mpaka ishirini anahitaji kitu kimoja, kila aina ya taarifa iwe na sehemu yake moja tu, isiwe mbili wala tatu. WhatsApp ni mlango, watu wanaingilia hapo na kupiga hodi hapo, ila hakuna anayepanga vyombo vyake mlangoni. Kila kitu muhimu kinachoingia WhatsApp lazima kitolewe kiende kinapokaa.

Vifaa: simu janja, lain ya pili, kaunta buku moja nene, na akaunti ya Google ambayo ni bure na inakupa GB 15 za kuhifadhi vitu. Laptopu ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo hamna tatizo.

Hatua ya 1: jua unauza nini na una nafasi ngapi

Hii watu wanairuka wanakimbilia kutengeneza logo. Kabla ya mfumo wowote chukua kaunta buku, fungua ukurasa wa kwanza, andika huduma zako kwa jina, idadi ya vipindi, muda wa kila kipindi na bei. Zisizidi tatu. Mfano: "Usaili – vipindi 6, saa moja kila kimoja, kimoja kwa wiki, sh. 180,000." Ukiwa na bei inayobadilika kila anapouliza mtu mpya, hakuna mfumo utakaokusaidia, manake kila mteja anakuwa na mkataba wake kichwani mwako, na wewe ndo unayetakiwa kuikumbuka yote.

Alafu hesabu nafasi. Tuseme una ajira, unafundisha jioni. Jumanne nafasi 2, Alhamisi 2, Jumamosi asubuhi 3. Jumla 7. Sasa usiuze zote 7, uza 6, ile moja iache wazi kila wiki kwa ajili ya mtu aliyeugua au aliyekwama kwenye foleni ya Kimara. Usipoacha hiyo nafasi, kipindi kimoja kikiahirishwa kinasukuma cha mwenzake, na wiki ya tatu ratiba yote imeshavurugika. Kwa hiyo wateja 6 mara 180,000 ni sh. 1,080,000 kwa wiki sita. Hiyo ndo namba yako halisi, ukiona haitoshi basi ujue jibu ni kubadilisha bei au kufundisha watu kwenye grupu, sio kubanana na wateja wa tisa na wa kumi usiku wa manane.

Na kila kipindi cha saa moja hesabu kwamba kinakula saa moja na nusu, manake kuna dakika za kujiandaa kabla na dakika za kuandika baada. Usipange viwili vigusane.

Hatua ya 2: lain ya biashara na WhatsApp Business

Sajili lain ya pili kwa ajili ya kazi tu. WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business zinakaa pamoja kwenye simu moja bila shida ilimradi kila moja ina namba yake. App ya Business ni bure na ina vitu vitatu ambavyo kwa kocha ni dhahabu.

Cha kwanza lebo. Weka tano: Kauliza, Anasubiri malipo, Anaendelea, Kamaliza, Arudiwe. Kila chati ya kazi iwe na lebo moja, na mtu akisogea hatua unabadilisha lebo hapohapo. Hii "Arudiwe" ni ya wale waliosema "mwezi ujao nikipata mshahara" na wewe ukajibu sawa. Wapo wengi sana, na wengi wao walikuwa wanamaanisha kweli, ila hakuna aliyewarudia.

Cha pili majibu ya haraka. Unaandika meseji mara moja, unaipa kifupi, ukibonyeza mkwaju (/) na kile kifupi inakuja yenyewe. Tengeneza ya bei, ya jinsi ya kulipa, ya kukumbusha kipindi na ya masharti. Ziandike kwa lugha unayoongea. Ya bei yangu iko hivi:

"Habari yako, asante kwa kunitafuta. Mafunzo ya usaili ni vipindi 6, saa moja moja, kimoja kwa wiki, jumla 180,000. Kabla hujalipa chochote tunaongea kwa simu dakika 15 bure nielewe unaomba kazi gani na umebakiza muda gani. Upo huru siku gani kati ya Jumanne na Alhamisi jioni?"

Angalia inavyoishia na swali. Ukituma bei ikaishia hapo mtu anajibu "asante" na mazungumzo yamekufa. Na mteja akiwa mtu mzima kuliko wewe usimtumie jibu la haraka kavu hivo hivo, anza na shikamoo, ongeza jina, "shikamoo mama", alafu ndo lile jibu lifuate. Mfumo usikufanye ukose adabu.

Cha tatu ni meseji ya muda ambao haupo. Weka saa zako za kazi, mtu akituma usiku anajibiwa kwamba utamjibu kesho kuanzia saa 3 asubuhi. Inakupunguzia presha ya kujibu watu saa 5 usiku.

Hatua ya 3: orodha moja ya wateja

Hapa ndo moyo wa kila kitu. Fungua Google Sheets kwenye simu, faili moja, lipe jina "Wateja", alafu ndani yake tengeneza kurasa mbili: ukurasa wa Wateja na ukurasa wa Malipo.

Ukurasa wa Wateja, kuanzia safu A: namba ya mteja (K01, K02, K03 na kuendelea), jina, simu, huduma aliyochukua, bei, alicholipa, anachodaiwa, vipindi vilivyobaki, hatua inayofuata, tarehe ya hatua hiyo. Safu kumi, mwisho wake ni J. Ukurasa wa Malipo: A tarehe, B namba ya mteja, C kiasi, D njia aliyolipia, E kumbukumbu namba ya muamala.

Sasa kwenye ukurasa wa Wateja, mstari wa pili, safu F ya alicholipa weka hii:

=SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!C:C)

na safu G ya anachodaiwa weka =E2-F2. Alafu vuta chini mpaka mistari ya wateja iishe. Kuanzia hapo wewe kazi yako ni kuandika malipo yanapoingia tu, deni linajihesabu lenyewe. Namba za K01 zina sababu mbili, moja ni kwamba una wateja wawili wenye jina lilelile na simu itakuchanganya, nyingine ntaieleza kwenye siri za wateja huko mbele.

Lakini safu ninayoithamini kuliko zote ni "hatua inayofuata" na tarehe yake. Kila mteja, bila kubagua, lazima awe na kitendo kimoja na siku yake. "Nimtumie maswali ya usaili – Jumatano." "Nimpigie kuuliza kama mshahara umeingia – tarehe 28." "Kipindi cha nne – Alhamisi." Mteja asiye na hatua inayofuata ni mteja unayempoteza polepole. Panga orodha kwa tarehe hiyo kila asubuhi, inakwambia leo ufanye nini, hutumii nguvu kukumbuka.

Usipopenda Sheets, kaunta buku inafanya kazi ileile, kurasa mbili zinazotazamana kwa kila mteja, kushoto taarifa zake na malipo, kulia vipindi. Ukurasa wa mwanzo uwe orodha ya majina na namba za kurasa. Nimeona walimu wa tuisheni wanaendesha darasa kubwa kwa kaunta buku pekee na hawakosei, manake wanaandika kila siku. Kinachoua ni kuchanganya: nusu ipo kwenye daftari, nusu kwenye simu, nyingine kwenye skrinishoti. Chagua kimoja. Ukichagua Sheets washa ile sehemu ya kutumia bila intaneti, bando likiisha au mtandao ukigoma unaendelea kuandika, itajipandisha ukirudi hewani.

Hatua ya 4: kalenda, na hili suala la saa

Kalenda ni Google Calendar ya kwenye simu. Kila kipindi kinaingia humo siku mliyokubaliana, na kama ni vipindi vya kila wiki kiweke kijirudie mara sita, usiingize kimoja kimoja. Weka vikumbusho viwili, cha jana yake na cha saa mbili kabla. Ukiwa na imeili ya mteja mwalike kwenye hilo tukio, na yeye atakumbushwa na simu yake.

Kanuni ya kalenda ni moja: kipindi ambacho hakipo kwenye kalenda hakipo. Mtu akikwambia barabarani "basi Alhamisi jioni", unamjibu "nitumie WhatsApp nikithibitishie", unaangalia kalenda, unaingiza, ndo unamjibu.

Sasa saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na kwenye kupanga vipindi hapo ndo watu wanapopishana. Ukimwandikia mtu "saa 8" bila kitu kingine kuna atakayeelewa mchana na kuna atakayeelewa usiku kwa sababu simu yake imeandika 8. Kwa hiyo kila meseji ya kuthibitisha iwe na siku, tarehe, saa ya Kiswahili na kipindi cha siku, alafu saa ya simu: "Jumanne tarehe 14, saa 2 usiku, kwenye simu ni 20:00, saa za Dar." Inaonekana ndefu, ila haijawahi kumchanganya mtu.

Na ukianza kupata wateja wa nje ndo usiseme. Saa 2 usiku ya Dar na Nairobi, kwa Muscat na Dubai ni saa 3 usiku. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni saa 1 usiku. London inategemea msimu, wao wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo wakati wa baridi saa 2 usiku yako ni saa 11 jioni kwao, na wakati wa kiangazi ni saa 12 jioni. Toronto na New York ni saa 6 mchana wakati wa baridi na saa 7 mchana kiangazi, na wao tarehe zao za kusogeza ni tofauti na za Uingereza: Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Yani mwezi Machi una wiki kadhaa ambazo mteja wa Toronto kashasogea na wa London bado. Ziandike hizo tarehe kwenye kalenda yako kama tukio la kila mwaka, na wiki hiyo watumie wateja wa huko meseji ya kuthibitisha saa upya. Ukimwalika mtu kupitia Google Calendar inamwonyesha saa ya kwake yenyewe, hiyo ndo njia salama zaidi.

Kingine, Zoom ya bure inakata dakika 40, kwa kipindi cha saa moja haitoshi. Google Meet ya bure mkiwa wawili haikati, mkiwa watatu au zaidi inakata dakika 60. Kwa mtu mmoja mmoja hata simu ya WhatsApp inatosha, cha msingi mkubaliane kabla ni ipi, sio dakika tano za kwanza ziishie kwenye "nakusikia kwa mbali".

Mwezi wa Ramadhani weka ratiba yake kabisa wiki mbili kabla. Vipindi vya magharibi vinakufa vyote, watu wanafuturu, na baadaye wengi wanaenda tarawehe. Wahamishie asubuhi au mchana, waulize mmoja mmoja, usisubiri waanze kukosa.

Hatua ya 5: hela

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapoua biashara za ukocha, na zinazokufa nyingi zina wateja.

Kwanza, hela ya kazi isiingie kwenye lain yako ya binafsi. Ikiingia huko imeshakuwa nauli, imekuwa umeme, imekuwa mchango wa harusi. Tumia lain ya kazi, na ukiweza chukua Lipa Namba, kwa Kenya ni Till. Faida yake ukiacha kutenganisha hela ni kwamba ule mjadala wa "nitume na ya kutolea au bila ya kutolea" unakwisha, mteja analipia namba ya biashara na kiasi kinachoingia kinaeleweka. Vitu vinavyotakiwa kuipata uliza kwenye duka la mtandao wako, Vodacom, Airtel, Yas au Halotel.

Pili, muamala ukiingia unaandikwa kwenye ukurasa wa Malipo siku hiyohiyo pamoja na kumbukumbu namba. Siku hiyohiyo. Wateja wengi analipa mtu mwingine, mume, dada, bosi wake, na meseji inakuja na jina usilolijua, ukiacha zikae wiki hutajua ile 90,000 ilikuwa ya nani. Alafu mjibu mteja: "Nimepokea 90,000 ya nusu ya kwanza, imebaki 90,000 kabla ya kipindi cha nne. Asante." Hiyo meseji ndo risiti yake ya haraka na ndo ushahidi wenu wote wawili.

Tatu, na hili ni la muhimu kuliko yote: hela uliyolipwa kabla ya kufundisha bado sio yako. Mtu kalipa 180,000 kwa vipindi 6, maana yake kila kipindi ni 30,000. Siku ya malipo hujatengeneza 180,000, unadaiwa vipindi sita. Kwa hiyo ikiingia, iweke pembeni, iwe akaunti ya benki au lain nyingine usiyotembea nayo, na kila ukimaliza kipindi kimoja unahamisha 30,000 kuja kwenye hela yako. Wiki ukifundisha vipindi 6 unahamisha 180,000. Hiyo ndo kipato chako cha wiki. Ukiishi hivi unapata vitu viwili: mteja akipata uhamisho wa kikazi akaomba arudishiwe vipindi vitatu unampa 90,000 siku hiyohiyo bila kukopa, na mwezi ambao hakuna mteja mpya bado una hela inayoingia kwa sababu vipindi vya watu bado vinaendelea. Kocha anayekula yote siku ya kwanza anafundisha wiki tano zinazofuata bure, ndo maana anachoka na wateja wake.

Nne, kwenye ile 30,000 toa kwanza ya bando, usafiri, kodi ya chumba kama unakodi sehemu, na ya serikali. Namba ya mlipakodi, TIN, kupata ni bure TRA, jina la biashara linasajiliwa BRELA, na kumbukumbu zako za hela sheria inataka uzitunze miaka 5, kwa hiyo lile faili la Malipo ndo litakutetea siku ukiulizwa. Kodi yako inavyohesabiwa nenda kamuulize ofisa wa TRA ukiwa na lile faili mkononi, huduma za mafunzo zina utaratibu wake ambao sio sawa na wa duka, usichukue jibu la rafiki anayeuza nguo.

Madeni nayo yana utaratibu. Siku mbili kabla ya tarehe unakumbusha kwa upole: "Habari za leo dada, kipindi chetu cha nne ni Alhamisi, na ile nusu ya pili ya 90,000 iwe imeingia Jumatano. Ukiwa na changamoto niambie mapema tupange." Tarehe ikipita, siku inayofuata unapiga simu, usiandike. Meseji ya deni inasomwa kwa hasira, simu inaongeleka. Bado hajalipa, kipindi cha nne kinasubiri, na unalisema bila kununa: "Nafasi yako nimeishikilia mpaka Jumatatu." Hakuna mtu anayekuchukia kwa utaratibu aliouambiwa tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 6: kumbukumbu za kila kipindi, na siri za watu

Baada ya kila kipindi, kabla hujashika kitu kingine, dakika kumi, mistari minne:

Amekuja na nini leo.
Tumefanya nini.
Kazi niliyompa.
Swali la kuanza nalo mara ijayo.

Ule mstari wa nne ndo unaomfanya mteja ajisikie anajulikana. Wiki ijayo ukianza na "yule bosi aliyekukatisha kwenye kikao, uliongea naye?" huyo mtu hatakuacha. Na hukukumbuka kwa akili, uliandika. Ukiona uvivu kuandika jirekodi kwa sauti kwenye simu ukiwa unatoka, alafu uandike ukifika, ila siku hiyohiyo.

Ziweke Google Drive, folda moja kwa kila mteja, jina la folda liwe namba yake, K07, sio jina lake kamili. Ile ndo sababu ya pili ya namba. Simu zinaibiwa, laptopu zinaazimwa, mtoto anafungua vitu, na kwenye kumbukumbu za kocha kuna uzito wa mtu, mshahara wake, ndoa yake, hofu zake. Weka nywila kwenye simu, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google na WhatsApp, na skrinishoti ya mteja anayekushukuru usiipandishe status bila kumuomba ruhusa, hata ukifuta jina, watu wanatambuana kwa maneno. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwao. Kenya sheria yao ni ya 2019. Udogo wa biashara usikufanye udhani hayakuhusu, taarifa za watu ni za watu.

Fomu ya kuanzia, wengi wanashauri Google Forms, na kwa wateja wa ofisini inafanya kazi. Ila wapo wengi hawataijaza, sio kwa dharau, hawapendi tu kuandika maisha yao kwenye kiungo. Hao waulize maswali yaleyale kwenye ile simu ya dakika 15, ujaze mwenyewe: anataka nini, lini, kashajaribu nini, nini kilimkwamisha, na atajuaje kwamba amefanikiwa.

Hatua ya 7: masharti mafupi, yanatumwa kabla ya malipo

Yasizidi mistari sita. Kuahirisha ni saa 24 kabla, chini ya hapo kipindi kimehesabika. Ukichelewa tunaanza pale ulipofika na tunamaliza saa ileile. Nusu ya hela kabla ya kuanza, nusu kabla ya kipindi cha nne. Vipindi sita vitumike ndani ya wiki tisa. Meseji najibu saa 3 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Msiba na ugonjwa havina mjadala, tunasogeza bila gharama.

Huo mstari wa mwisho usiuache. Huku kwetu mtu hawezi kuacha kwenda msibani kwa sababu ya kocha, na ukimkata kipindi siku kafiwa umempoteza yeye na ukoo mzima. Mteja akijibu "nimekubali" ndo unamtumia namba ya kulipia, sio kabla.

Hatua ya 8: saa moja kila wiki

Chagua siku moja, mimi napenda Ijumaa jioni kwa sababu wikiendi inakuwa nyepesi. Simu weka kimya. Pitia chati zote za WhatsApp za wiki, kila kilicho muhimu kitoke kiende kwenye orodha, kalenda au folda. Linganisha ukurasa wa Malipo na meseji za miamala, jumla zifanane. Punguza vipindi vilivyobaki kwa kila aliyefundishwa. Angalia nani hana hatua inayofuata, mpe. Wapitie wa lebo ya Arudiwe, chagua watatu uwatafute. Hamisha hela ya vipindi ulivyofundisha. Wiki ya mwisho wa mwezi ongeza robo saa: mwezi huu nimefundisha vipindi vingapi, vimeingiza ngapi, nimetumia ngapi, wateja wapya walitoka wapi. Hilo la walitoka wapi liandike kweli, utakuta wengi wameletwa na wateja wawili watatu walewale, na hao ndo wa kuwapigia simu kuwashukuru, kuliko kulipia matangazo.

Ukikosa wiki moja usianze kufukua yote ya nyuma kwa siku moja, anza na hela, alafu kalenda, mengine yatafuata wiki inayofuata.

Hatua ya 9: mteja anapomaliza, na unapotafuta msaidizi

Kipindi cha mwisho tenga dakika 15 za kuangalia alikotoka, umsomee yale aliyosema siku ya kwanza, alafu muulize vitu vitatu: nini kimekusaidia, nini hakikusaidia, nani mwingine unamjua ana shida kama uliyokuwa nayo. Badilisha lebo iwe Kamaliza, mwandikie hatua inayofuata ya miezi mitatu mbele, "nimjulie hali", na weka kwenye kalenda. Folda yake ihamishie kwenye folda kubwa ya waliomaliza.

Wateja wakizidi na ukaanza kutafuta mtu wa kukusaidia, kitu cha kwanza kumkabidhi ni kalenda na kukumbusha watu, cha pili ni kujibu wanaouliza bei kwa yale majibu ya haraka. WhatsApp Business inaweza kuunganishwa na vifaa vingine, kwa hiyo hahitaji kushika simu yako. Ukurasa wa Malipo anaweza kuuona na kujaza, ila lain ya hela na namba ya siri vinabaki kwako, na folda za kumbukumbu za vipindi usimshirikishe kabisa, hata akiwa mdogo wako wa damu, mteja alikuamini wewe.